Gari Inayosikilizwa Maskati

Watu wa Madungu wananiona nimeruka akili, na sijawahi kuwabishia. Mtu mzima, mjukuu anaye, anafuga gari ya mashindano kwenye banda la makuti nyuma ya nyumba. Wenzangu wanafuga ng'ombe, na ng'ombe angalau anatoa maziwa.

Mashindano yetu si ya kutisha. Siku ya tatu ya Sikukuu, sheha akiridhia, tunafungiwa kipande cha barabara kilichonyooka njia ya Mtambile. Magari mawili yanapangwa sambamba, kitambaa kinashushwa, anayefika mwanzo ndiye. Sikukuu ikiangukia msimu wa karafuu hatukimbii, maana barabara imetandikwa majamvi ya watu ya kuanikia karafuu ukingoni, na Pemba bora umkanyage mtu mguu kuliko kumkanyagia karafuu yake.

Gari ni yangu na mwenzangu mmoja niliyesoma naye skuli. Ni saluni ya Kijapani, kuukuu, ya mtindo wa platini: cheche ya kuwashia petroli inatokana na kile kichuma kidogo kinachofunguka na kufunga ndani ya distribyuta, na ukitaka cheche iwahi au ichelewe, unaizungusha distribyuta yenyewe kwa mkono. Kazi hiyo tukiifanya wawili. Mimi nazungusha, yeye anasikiliza. Mafundi wengine wana taa ya kupimia, yeye taa hiyo akiiona mchezo wa watoto. Akiegemea boneti, anafumba macho, anasema, "Rudisha. Rudisha. Hapo." Na ikifika hapo, hata mimi nisiye na sikio nikijua.

Kisha akaenda Maskati kutafuta riziki. Akapata kazi ya ghala, na chumba analala na wanaume ambao hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili. Mke wangu naye alikuwa kesha kwenda Unguja kwa mwanawe, kulea mjukuu, na kila nikimuuliza anarudi lini ananambia mtoto anaota meno. Sijui ni meno mangapi hayo. Nikabaki mimi na gari. Niseme tu ukweli, nilikuwa mpweke, tena upweke ule wa kumfanya mtu agombane na kuku.

Basi tukazua utaratibu. Ijumaa baada ya sala, siku yake ya mapumziko, ananipigia. Simu naiweka juu ya betri, spika nimeiwasha, gari inanguruma, mimi mkono kwenye distribyuta na yeye huko Maskati anasikiliza. "Rudisha. Rudisha. Hapo." Sisi si watu wa kupigiana simu kuulizana umeamkaje. Wanaume wa kwetu wakipigiana simu, basi pana shughuli. Shughuli yetu sisi ilikuwa distribyuta, na ndani yake mengine yakipenya: kafariki nani, kaoa nani, mvua imenyesha au vipi.

Tabu ni kwamba gari haikupenda utaratibu huo. Sikukuu iliyofuata kitambaa kiliposhushwa, ikapiga kishindo kwenye ekzosi, ikakohoa, ikasimama palepale mbele ya umma wa watu. Niliyepangwa naye alikuwa mwalimu mmoja kijana kutoka bara, mstaarabu sana, ambaye alifika mwisho, akageuza, akarudi taratibu mpaka dirishani kwangu.

"Shikamoo mzee. Gari imepaliwa?"

"Marahaba. Ilikuwa inakupisha, mgeni."

Akacheka, lakini alipoona sicheki akashuka akatazama chini ya boneti. Akasema platini sasa tuziache zipumzike, niweke kisanduku cha kidijitali, kile kinachopanga cheche chenyewe kwa hesabu zake. Nilimjibu vibaya. Mwezi haukwisha nikakiagiza Dar.

Kukifunga kulinichukua siku kadhaa za kutukana nyaya. Unaweka kihisio kwenye puli ya kranki, kihisio kinakiambia kisanduku injini iko wapi, na kisanduku kinaamua cheche ije saa ngapi. Platini nikaing'oa. Distribyuta ikabaki kugawa umeme kwenye plagi tu. Ukiizungusha huku au huku, injini haina habari nawe.

Nikatia ufunguo. Ikawaka mara moja, ikatulia, bila kukohoa wala kutetemeka. Sijapata kuisikia hivyo tangu mwenzangu aondoke, na nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu furaha ikaniishia nikiwa palepale chini, maana nilikumbuka Ijumaa. Gari ikishapona, huyu atanipigia kwa lipi?

Ijumaa ikafika, simu ikalia.

"Asalaam aleikum, yakhe. Ishawaka?"

"Waaleikum salaam. Imewaka."

"Haya, iweke nisikie."

Nilitaka kumwambia, wallahi nilitaka. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu alfajiri. Badala yake nikaiweka simu juu ya betri na nikaishika distribyuta, mtu na akili zangu, nikawa naizungusha na huku najua naizungusha bure.

Petroli nilikuwa nimetia kidogo tu, ya kujaribia. Hatukuwa tumefika mbali injini ikapungua, ikazimika. Banda likawa kimya, nikasikia watoto wa chuo cha Kurani cha jirani wakisoma. Nikainua mkono nichukue simu nimwambie imezima.

"Rudisha," akasema.

Nikauacha mkono hewani.

"Rudisha kidogo. Aa, umepitiliza. Lete mbele. Hapo. Hapohapo. Umeisikia inavyotulia?"

Nikaitazama ile gari iliyozima. Mwalimu aliwahi kuniambia kuwa simu za siku hizi zinachuja kelele zote, zinampelekea mtu sauti ya mwenzake tu, na mimi nilimwona anajifanya mjuzi. Kumbe Ijumaa zote zile mwenzangu hakuwa akisikia injini yoyote. Alikuwa akinisikia mimi, ninavyohema na kunung'unika, na ndiyo maana gari iliniaibisha Sikukuu.

Hasira zilinipanda, sikatai. Nikazimeza, kwa sababu nilimwona amekaa juu ya kitanda chake kati ya watu asiowaelewa, simu kaibana sikioni, anaisifu gari asiyoisikia.

"Nahisi bado kidogo," nikamwambia.

"Enhe." Nikasikia kitanda kikilia, anajiweka vizuri. "Basi irudishe tena, pole pole. Mie leo sina pa kwenda."