Kitufe cha "Nimepokea"

Baba ni kamanda wa kifaru, kile cha chuma, na wiki ile hakuingia ndani yake hata mara moja. Yeye na wenzake walikaa ukumbini pale kambini, hapa Isiolo, kila mtu na skrini yake, wakipigana vita vya kompyuta ili kujaribu mfumo mpya wa kutoa amri. Badala ya kusema redioni, unachora kwenye ramani na vifaru vyako vyote vinaona, kila kimoja kinabonyeza kitufe cha "Nimepokea".

Siku ya kwanza baba alimwona adui, akasahau kuchora. Akapiga kelele kwa redio ambayo wakaguzi walikuwa wameizima makusudi. Vifaru vyake viwili kati ya vinne vikaungua kwa skrini. Akaambiwa akirudia hivyo Ijumaa, kiti chake atapewa sajini kijana, na yeye aende stoo.

Jioni akaniomba tufanye mazoezi na simu. Yeye chumbani, mimi jikoni, pazia katikati, hakuna kuongea. Anatuma picha ya ramani yenye mshale, mimi namjibu "nimepokea", halafu nasogeza vifuniko vya soda kwenye ramani yangu ya karatasi. Mimi huona haya hata kuagiza chapati, kwa hivyo kazi hiyo ilinifaa.

Baadaye akaja kuangalia. Vifuniko vyangu vilikuwa vimevuka mto mahali pasipo na daraja.

"Mama, umepokea ama umeelewa?" Hivyo ndivyo baba huniita, mimi binti yake.

"Nimepokea."

"Na mbona hukuuliza?"

Mshale wake ulikuwa umepinda, lakini niliogopa kumchelewesha. Hata darasani nafanya hivyo, naitikia tu.

Alisimama pale akiangalia simu. Redioni, akaniambia, ukipewa amri lazima uirudie, na sauti ikisitasita kamanda anajua. "Hii kitufe haisitisiti."

Ijumaa alitaka kila kifaru kimchoree njia yake kabla ya kusonga.

"Mzee, umechelewa dakika mbili," mkaguzi akamwambia.

"Nimechelewa na vifaru vyote vinne, afande."

Baba anasema walicheka, lakini waliandika. Kiti amebaki nacho.

Nilifurahi, nikamwongezea nyama. Akiwa anakula akasema huenda mwezi ujao wapelekwe mpakani, na vifaru vya kweli. Hapo ndipo nilijua kuna sehemu yangu iliyokuwa inaomba apelekwe ile stoo. Hilo sijamwambia.