Aliyeingiza Moto Siku ya Mwaka

Shemeji yangu alikufa bandarini. Robota la katani lilikatika kamba likamwangukia ndani ya tishari la mizigo, na waliomleta nyumbani walimleta amefunikwa turubai. Dada yangu akabaki na watoto wawili: wa kiume, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalianza kulegea, na kichanga cha kike ambacho hakijajua hata kukaa bila kuegemezwa. Mimi nilikuwa kigoli, nimeishia darasa la nne. Nikapelekwa mtaani kwake Ngamiani kukaa naye mpaka eda yake iishe, maana mwanamke aliye edani havuki kizingiti, na maji hayaji yenyewe mtungini.

Sikuwa msaada mkubwa. Nilikuwa mtu wa kuota mchana. Dada alikuwa akisema, "Huyu ukimtuma bombani, ndoo inajaa, inamwagika, yeye yuko Mombasa ananunua viatu." Ni kweli. Hata katika nyumba ile iliyonuka ubani na kilio nilikuwa naimba nikifagia, kisha nakumbuka, nanyamaza, kisha nasahau tena. Mtoto wa kiume alinipenda kwa hilo. Alikuwa akiniita mama mdogo na kunifuata kila niendako.

Siku ya Mwaka ikakaribia. Asiyekulia pwani nimweleze kidogo. Ni mwaka wa wazee wetu, huingia wakati wa kipupwe. Mkesha wake ni Kibunzi. Siku hiyo kila nyumba inazima moto wake, inazoa majivu yote ya jikoni na kwenda kuyamwaga njia panda. Alfajiri watu wanateremka baharini kuoga mwaka, wakubwa kwa wachanga. Wakirudi, mzee wa mtaa anapekecha moto mpya kwa vijiti, si kwa kibiriti, na kila nyumba inachukua kaa lake. Mtaani kwetu kaa hilo liliingizwa na mwanamume wa nyumba. Mwaka uliopita aliliingiza shemeji, na mwanawe nyuma yake kashika pindo la shuka akililia kigae chenye kaa. Babake akamwambia, "Wewe bado. Mkono ukikomaa utaingiza wewe."

Maneno hayo mtoto aliyaweka. Tangu arobaini ya babake ipite alikuwa akinionyesha kiganja chake kila asubuhi. "Mama mdogo, kimekomaa?" Nami namfinya kiganja kama mtu anayechagua embe. "Bado kidogo. Lakini kinaelekea."

Kwenye arobaini hiyohiyo ndipo neno lilipopita. Wakwe walikaa barazani, wakaamua: anayenyonya abaki na mamake mpaka aachishwe ziwa, wa kiume aende Pangani kwa bibi yake mzaa baba, mara tu akishaoga mwaka. Upande wetu hapakuwa na mtu wa kujibu. Baba yetu alikwisha kufa, na mjomba wetu wa Muheza, ambaye ndiye aliyekuwa na mdomo wa kusema na watu wazima wenzake, siku ile alikuwa kitandani na mguu uliovimba. Baadaye akatuma salamu: atakuja, lakini atafika kesho yake ya Mwaka. Msimpe mtu mtoto mpaka nije. Salamu zile zilifika kwetu wanawake wawili, mmoja yuko edani na mwingine yuko Mombasa ananunua viatu.

Bibi akaja siku ya Kibunzi na basi la Pangani, kikapu cha nazi kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nikampokea kikapu, nikasema, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akamvuta mtoto na kumshika masikio yote mawili, akawa anayapapasa tu. Yalikuwa masikio ya shemeji, yaliyotoka nje kama vipini vya sufuria. Nikashindwa kumchukia vizuri.

Dada alimwambia akiwa ameketi kwenye mkeka wake, ameinamisha kichwa, "Mama, ningojee hata eda iishe."

"Eda ni yako, mwanangu. Si ya mtoto."

"Mjomba anakuja kesho kutwa."

"Aje. Atakula makande." Kisha akasema taratibu, "Nami nimezika. Nyumba yangu sasa haina sauti ya mwanamume isipokuwa jogoo. Wewe Mungu kakuachia wawili. Mimi nilikuwa na mmoja."

Dada akakivuta kichanga kifuani.

Nikiwa nazoa majivu jikoni, wazo likanijia. Kesho basi la Pangani lingeondoka mapema, jua likiwa halijakaa vizuri juu ya paa la msikiti, na kwa kuwa ni sikukuu hapangekuwa na jingine. Watoto wote wawili wangekuwa pwani mikononi mwangu. Basi likitukosa, bibi atalala. Akilala, mjomba atafika. Sikumwambia dada. Niliyamwaga majivu njia panda nikitabasamu peke yangu, na jirani mmoja akaniuliza, "Wewe, unamcheka nani?" Nikamwambia naucheka mwaka.

Alfajiri dada alikinyonyesha kichanga, akanifungia mgongoni kwa khanga yake mwenyewe. "Usikiache kilie sana," akasema. "Kikianza kutafuna ngumi, rudi." Mtoto wa kiume alikuwa ameshatoka nje zamani, anaruka kwa mguu mmoja kwa baridi. Bibi alibaki kwa sababu ya magoti yake. Nilipokuwa natoka nilimwona anakunja kanzu ndogo na kuitia ndani ya kikapu.

Wanawake wa mtaa tuliteremka pamoja mpaka pwani ya Raskazone, chini ya zile nyumba nyeupe za Wazungu. Mlinzi mmoja alitoka langoni na rungu lake, akatuambia tuoge upesi, bwana wake bado amelala. Mama mmoja mnene akamjibu, "Mwamshe, mwanangu, aje aoge. Naye ana uchafu wa mwaka." Mlinzi akacheka, akarudi.

Maji yalikuwa baridi hata meno yakagongana. Tuliingia na nguo zetu. Nilikizamisha kichanga mpaka kiunoni tu, kikavuta pumzi, kikanitazama kama nimekitukana. Mtoto wa kiume alijitumbukiza mzima, akaibuka anatema maji. "Mwaka mbaya nimeutema," akasema. Wanawake wakamshangilia, kisha wakanigeukia mimi.

"Oga vizuri, binti. Mwaka huu upate mume mwenye baiskeli."

"Na nikioga vibaya?"

"Utapata mwenye pampu tu."

Nilicheka mpaka nikanywa maji. Kwa muda ule mfupi ilikuwa sikukuu kweli, kama za zamani.

Wenzetu walipoanza kupanda, mimi nikatandika khanga mchangani. Nikamwambia mtoto tugawane nyumba za Wazungu, ule mchezo wetu wa siku zote.

"Ile yenye roshani ya mama," akasema haraka. "Ile yako. Ile ya kitoto, akikua."

"Na yako?"

"Mimi nakaa na mama." Akafikiri. "Ile kubwa, yenye maua, ya bibi wa Pangani. Magoti yake mabovu, na ile haina ngazi."

Nikageuza uso. Yeye alijua anakwenda Pangani kutembea. Ndivyo walivyomwambia.

Akasimama. "Twende. Moto."

"Ngoja tutafute wale kaa wa mchangani, wenye jicho moja."

"Nimeshawaona."

"Twende basi tukaone meli kule mbele."

"Mama mdogo, mzee atachoka kupekecha."

Nikamshika mkono. Sikuwa na hila nyingine iliyobaki, nikamwambia jambo lililo karibu na ukweli. "Sikiliza. Tukichelewa kidogo, hutakwenda Pangani leo."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake haelewi. "Pangani nitakwenda kesho. Moto ni leo."

Wakati huohuo kichanga kilianza kutafuna ngumi. Nikakipa kidole, kikakitema. Nikaimba. Kikalia kile kilio cha njaa ambacho mtu hawezi kukibembeleza kwa kitu kingine, na mimi kifua changu kilikuwa cha kigoli, hakina kitu. Nilipogeuka, mtoto wa kiume alikuwa ameshika njia ya juu peke yake, amelowa, anakimbia kuelekea Ngamiani bila kuangalia nyuma. Nikamfuata na yule anayelia mgongoni. Basi lilikuwa halijaondoka. Hatukuwa tumechelewa hata kidogo.

Mzee alikuwa amekwisha kupata moto. Mtoto akajipenyeza katikati ya miguu ya wanaume na kutoa kigae chake, alichokiokota barazani kwao na kukitia mchanga chini kama alivyomwona babake. Wanaume wakatazamana. Mmoja akataka kumwambia kitu, mzee akamkata kwa jicho, akachagua kaa zuri, akamwekea. "Haya. Usikimbie."

Hakukimbia. Nilitaka kumshika kiwiko, akanisukuma kwa bega. Upepo ulikuwa mkali, kaa likaingia weupe, naye akaugeuzia upepo mgongo, akalipuliza mpaka likawa jekundu tena. Barazani watu walikuwa wakitaniana kama desturi ya siku ile, wakimwagiana maji. Alipokaribia, yule mama mnene akawaambia wenzake, "Pisheni. Mwenye nyumba anapita." Wakapisha. Hakuna aliyemtania.

Mlangoni akasimama. Dada alikuwa ndani, vidole vya miguu vimefika kwenye ubao wa kizingiti. Mtoto akaita vilevile alivyokuwa akiita babake, kwa sauti aliyoikaza iwe nzito, "Hodi wenyewe, mwaka umeingia."

Dada akajifunika uso kwa upande wa nguo. Ikabidi bibi aitike kutoka uani, "Karibu. Uingie na heri."

Kaa likawekwa kati ya mafiga, vifuu vikashika, chungu cha makande kikapanda. Lakini makande hayaivi kwa kuombwa, na basi halingojei maharage. Bibi akamfungia mtoto kipande cha muhogo wa jana. Akamvisha kanzu. Dada alikuwa ananyonyesha, na machozi yake yalidondokea kichwa cha kichanga, nacho kikawa kinanyonya tu.

"Mama," mtoto akasema, "usiuache uzimike mpaka nirudi."

"Sitauacha."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha."

Dada hakumsindikiza. Hakuruhusiwa. Alimshika kichwa ndani ya nyumba, kisha akamwachia, na sisi tukatoka, mlango ukarudishwa nusu nyuma yetu kama eda inavyotaka. Mtoto aligeuka mara nyingi kumpungia mtu ambaye hakuweza kuonekana. Mimi nilimpungia mtoto kwa niaba ya mamake, nikitembea kinyumenyume, mpaka bibi akaniambia nitaanguka.

Ndani ya basi bibi alilowesha ncha ya khanga kwa mate ili amfute masizi viganjani. Mtoto akaficha mikono nyuma. "Usifute. Nataka kuwaonyesha watu wa Pangani." Bibi akaiacha mikono ile. Akamkumbatia kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ukapanda wenyewe mpaka kwenye sikio lake. Basi likaondoka.

Mjomba alifika kesho yake, anachechemea, akakaa barazani na sahani ya makande yaliyolala. Nilimweleza yote kwa kukimbilia maneno. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Angekuwa hapa ningesema," akasema. "Keshakwenda. Niende nikaibe mtoto kwa watu?" Akala nusu, akaomba maji ya kunawa.

Moto ule dada aliutunza. Kila jioni aliufukia kwenye majivu na makumbi ya nazi, na asubuhi anaufukua. Jirani alimpa kibiriti, akakiweka juu ya kabati bila kukifungua. Mvua za vuli zilipovuja jikoni aliukinga kwa ungo, yeye mwenyewe akilowa. Eda ikaisha, akaanza kupika vitumbua vya kuuza kwa moto uleule. Kichanga kikajifunza kutambaa, na kitu cha kwanza kilichokwenda kukishika ni kaa. Kikaungua kidole. Kila aliyetoka Pangani tulimuuliza, na jibu lilikuwa ni hilohilo: mtoto hajambo, kaingia chuoni, anasoma Kurani, bibi anaomba asisumbuliwe kwanza.

Kibunzi ikarudi. Majirani wote walikuwa wamekwisha kuzoa majivu. Nami nilikuwa bado nipo pale, nikaingia jikoni nikamkuta dada amechuchumaa, kata ya maji mkononi, na moto mbele yake unawaka vizuri kabisa. Kichanga, ambacho sasa kilikuwa kinatembea, kilishika ukuta kikitutazama.

"Tuuache," nikasema. "Nani atajua?"

"Mtaa mzima utajua. Mwaka hauingii kwenye moto wa zamani."

"Akirudi akauliza, utamwambia nini?"

Akamimina maji kidogokidogo, akilizunguka kila figa, kama anayemwosha mtu. Moshi ukapanda, kichanga kikakohoa.

"Nitamwambia ulizimika Kibunzi, kama wa watu wote," akasema. "Si uongo."

Kisha akanipa ungo wa majivu niupeleke njia panda, kwa sababu ulikuwa bado wa moto na yeye alikuwa na mtoto wa kubeba.