Mlimau wa Mwisho wa Jamleck

Wawira alizaliwa Mau Narok, kwenye baridi ya kung'ata masikio, na kitu alichokijua kuliko vyote duniani ni waru. Mwonyeshe shamba la viazi, naye atakuambia kwa kutazama majani tu kama chini kuna mzigo au kuna aibu. Basi fikiria mtu wa namna hiyo akiteremshwa hadi Kampi ya Moto, mahali ambapo jua halina adabu na mvua hunyesha ikikumbuka. Aliteremka kwa ajili ya mumewe Jamleck, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano, ambaye kifua chake kilikuwa kimeikataa baridi. Wawira alilalamika mwaka mzima. Lakini alimpenda yule mwanamume, akakaa.

Jamleck akapanda milimau. Watu walimcheka, eti malimau jangwani. Yeye alikuwa na utaratibu wake. Aliimwagilia maji mengi kwa mpigo, kisha akaiacha hadi udongo ukauke ndipo amwagilie tena. Maji yenyewe hakuyaweka kwenye shina. Aliyamwaga mbali kidogo, pale kivuli cha matawi kinapoishia. Alitandaza nyasi kavu juu ya udongo, ila shina akaliacha wazi lipumue, akalipaka chokaa lisiungue na jua. Wawira alimtania, "Baba Becky, hata mimi hujawahi kunipaka mafuta hivyo." Jamleck alicheka mpaka akakohoa. Milimau ikazaa, wanunuzi wakawa wanakuja na magunia yao hadi mlangoni.

Kifua kilimmaliza mwezi wa Januari, katikati ya kiangazi.

Baada ya mazishi, binti yao Becky alirudi kazini Naivasha, na nyumba ikawa kubwa kupita kiasi. Wawira hakujua aipeleke wapi mikono yake. Alichoachiwa na Jamleck ni ile milimau, akaapa haitakufa mbele yake, liwalo na liwe. Akachukua jembe. Akaivutia udongo kwenye mashina, matuta makubwa ya kupendeza, vile waru huvutiwa udongo ili izae vizuri. Kisha kila asubuhi na kila jioni akaimiminia maji palepale shinani, huku akiisemesha. Hakuna miti iliyowahi kupendwa hivyo, na huo upendo ndio ulioanza kuiua.

Majani yakageuka manjano. Yeye akadhani ni kiu, akaongeza maji. Mmoja ukakauka, mwingine ukafuata. Siku jirani yake Jepleting, anayefuga mbuzi ng'ambo ya barabara, aliposimama langoni, ulikuwa umebaki mlimau mmoja tu, na huo mmoja ulikuwa mweupe kwa maua kutoka juu hadi chini.

"Kuja uone!" Wawira akamwita, machozi ya furaha yakimtoka. "Imepona! Nimepigia Becky nikamwambia mti ya baba yake imepona."

Jepleting aliingia, akapiga magoti akafukua tuta kwa mikono. Chini, gome la shina lilikuwa limeoza, laini, linavuja utomvu wenye harufu mbaya.

"Mama Becky," akasema polepole, "hii si waru. Shina ya limau ukiizika inaoza."

"Lakini si uone maua!"

"Hii mti ikikaribia kufa inatoa maua yote. Ndiyo hiyo unaona. Wacha tuyatoe, labda itabaki na nguvu kidogo. Labda."

Wawira aliyatazama yale maua, nyuki wamejaa. Aliona haya, akajichukia. Kisha kitu kikamjia, akaketi kwenye udongo. Siku chache kabla ya kufa, Jamleck, aliyekuwa hamezi hata uji, aliamka akaomba githeri. Alimaliza sahani, akaimba, akataka anyolewe ndevu. Wawira alipiga simu huku na huko kutangaza kwamba mumewe amepona. Jepleting alikuwepo, ndiye aliyemshikia kioo.

"Jepleting. Ile siku Jamleck alikula. Ulijua?"

Jepleting alivunja kitawi chenye maua, akakitupa chini. "Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ulikuwa unacheka, Mama Becky. Ningekuambia aje?"

Wawira aliinuka, akashika tawi lililokuwa karibu, akaanza kuyatoa maua. Alilia bila kujificha, na Jepleting akafanya kazi upande wa pili bila kumnyamazisha.

Simu ikalia mfukoni mwake. Alikuwa Becky.

"Mum, nimeambia watu wote hapa kazini!" Alikuwa akicheka, kicheko ambacho Wawira hakuwa amekisikia tangu mazishi. "Eti kweli imetoa maua?"

Wawira alifuta uso kwa mkono uliojaa maua.

"Ndiyo, mami," akasema. "Imetoa yote."