Udongo wa Zizi la Mzee Mayala

Thobias Mwigulu huanza kwa kumwaga maji. Jioni ya kuamkia kazi hulowesha ardhi kuzunguka shina la mti, polepole, mpaka udongo uyanywe. Asubuhi unakuwa umelegea bila kuwa tope, na akiupuliza humeguka badala ya kutimka. Wanaomtazama hudhani anauhurumia mti. Anakihurumia kifua chake.

Amekuwa mtu wa kompresa tangu ujana. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo kuzunguka Bugarama, alikuwa akikaa juu ya duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo, akiendesha mashine iliyowapelekea hewa wenzake chini kwa mpira mrefu. Baadaye alishuka mwenyewe na kushika mashine ya kutoboa mwamba. Vumbi alilolivuta huko halijatoka. Siku hizi akienda kisimani hupumzika njiani, na usiku hulala ameegemea ukuta. Daktari alimwambia asishuke tena shimoni. Hakumwambia ale nini.

Kazi ya mizizi ilimfikia kwa bahati. Afisa misitu wa mradi mmoja alitafuta mtu anayejua kompresa, akampa bomba la chuma lenye pua nyembamba na kumfundisha kulishika kwa mshazari. Hewa itokayo hapo huusukuma udongo ukabomoka, lakini mzizi unabaki na ganda lake. Anayetaka kupitisha bomba la maji au kuchimba msingi karibu na mti anaweza kuiona mizizi yote, akapita katikati yake bila kuikata. Mradi ulipokwisha, bomba liliondoka nao. Thobias alimwomba fundi wa kuchomelea wa Tinde amtengenezee lingine, na kompresa huazima kwa wachimbaji inapokuwa haina kazi. Wateja ni wachache. Watu wengi wana shoka, na shoka halihitaji dizeli.

Generosa Mayala alimjia akiwa na shida ya aina nyingine. Baba yake, mzee Mayala, alizikwa zizini, kama wenye miji walivyokuwa wakizikwa na Wasukuma wa zamani, amefungwa katika ngozi ya dume, ng'ombe wakarudishwa kulala juu yake. Generosa alikuwa binti mdogo siku hiyo. Nguzo moja ya zizi, gogo bichi la mkuyu, ilichipua baada ya mazishi na ikaachwa ikue. Sasa ni mti mnene kuliko kibanda cha mlinzi, na mizizi yake imetambaa hadi katikati ya mahali palipokuwa zizi. Barabara ya kijiji inapanuliwa. Itapita juu ya zizi. Mti wenyewe uko nje kidogo ya alama za barabara, na familia iliahidiwa kwamba utaachwa ukiwa bado hai.

Generosa alitaka mambo mawili. Alitaka baba yake ahamishiwe Didia, kwenye mji wake yeye, kabla greda halijafika. Na hakutaka ahamishwe vipande vipande. Ndugu walikuwa wamejaribu kwa sururu wakakutana na mizizi mikubwa kama paja, na alipoona sururu ikipanda kwa mara nyingine aliwazuia. Mahali pale, alisema, hakuna anayejua sururu inashuka juu ya nini.

Thobias alifika na mashine kwenye trela la trekta, akamwamkia Generosa kwa heshima anayostahili mtu aliyemzidi umri, akauzunguka mti. Alimweleza kwamba anaweza kuifunua mizizi bila kuikata na kwenda chini yake kidogo kidogo. Kama kuna mfupa, hewa itaupita kama inavyoupita mzizi. Kama haupo, hawezi kuuleta.

"Upo," Generosa alisema. "Nilimwona akishushwa."

Siku ya kwanza alifanya kazi akiwa amejifunga kitambaa puani, akisimama kila mara kukohoa. Sauti ya kompresa ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Mizizi ikaanza kutokeza, kwanza migongo yake, halafu matumbo, ikipishana na kukumbatiana, mingine ikiwa imeotana na kuwa mmoja. Kila sehemu aliyoimaliza aliifunika kwa magunia aliyoyalowesha, kwa sababu mizizi midogo ikipigwa na jua kutwa hukauka, na mti unaweza kufa baada ya miezi bila mtu kujua kilichouua. Jioni alirundika magunia mengine juu ya hayo, akayakandamiza kwa mawe, akaenda kulala.

Katika kijiji kingine chochote magunia hayo yangebaki kuwa magunia. Karibu na Bugarama, kompresa inayonguruma kutwa mahali pasipo na duara, na shimo linalofunikwa jioni, vina maana moja. Kila mchimbaji anaijua hadithi ya familia iliyotandaza turubai, ikasema inahamisha kaburi la babu, kumbe inafuata mwamba wenye dhahabu. Kulipokucha, wanaume walikuwa wamejaa nje ya uwanja, wengine na sepetu, wengine na makarai. Baadhi walikuwa wamekwisha chomeka vijiti kwenye shamba la mahindi la jirani kuonyesha kwamba kipande hiki kina mwenyewe. Rashi, kama wanavyoyaita mbio za kukimbilia dhahabu, ilikuwa imeanza, na kilichokosekana ni dhahabu tu.

Aliyewaongoza ni Nasibu, mzaliwa wa Tanga aliyekuja kuchimba akaishia kuwa dalali wa mawe ya dhahabu. Thobias alikuwa amemfahamu miaka mingi; waliwahi kula sufuria moja.

"Baba Violeth," Nasibu alimwita, "babu gani huyo anahitaji kompresa?"

"Aliyefunikwa na mizizi."

"Na magunia umemfunika asipate baridi?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema wazee wa zamani walikuwa wazito, pengine huyu alimeza gramu zake zote kabla ya kufa. Thobias alimweleza Nasibu pembeni habari ya mizizi na jua, na alipokuwa akieleza alijisikia jinsi maneno yale yanavyofanana na uongo. Mtu mzima, mchimbaji, analowesha magunia ili mti usiungue. Nasibu alimsikiliza kwa adabu, kisha akarudi kwa wenzake na kuwaambia wakae.

Walikaa. Thobias aliwasha mashine na kushuka chini ya mizizi, huku kila kijiko cha udongo kikitazamwa na watu waliozoea kutazama udongo. Generosa alisimama ukingoni na kanga mpya mkononi, ile aliyokuja nayo kwa ajili ya mifupa.

Mchana udongo ulibadilika. Juu ulikuwa wa kijivu, wa mbuga. Hapo chini ulianza kuwa mweusi, laini, na weusi wenyewe ulikuwa na mipaka, mrefu na mwembamba, ukielekea mahali jua linapochomoza. Mizizi midogo ya mkuyu ilikuwa imejaa humo kuliko mahali pengine popote, myembamba kama nywele, imefumana. Thobias alipunguza hewa mpaka ikawa pumzi tu. Alipuliza kutoka upande mmoja wa ule weusi hadi mwingine. Kisha akazima mashine, akavua kitambaa, akaketi ndani ya shimo.

"Mama Juliana," alimwambia Generosa, "hapa ndipo."

"Yuko wapi?"

"Ni huu weusi."

Generosa alishuka, akapiga magoti. Alimuuliza juu ya kichwa, juu ya meno. Meno, alikuwa amesikia, hayaozi. Thobias alimwambia kwamba zizini mkojo wa ng'ombe hushuka miaka yote na kula kila kitu, na kwamba ametafuta hata jino hakupata. Kilichobaki, mti ulikuwa umekwisha kukichukua. Hakuwa na namna nyingine ya kulisema. Huko machimboni aliwahi kusaidia kuwatoa watu waliofukiwa, na hao angalau walikuwa na uzito.

Generosa aliingiza vidole katika ule udongo, akaukoroga taratibu kama mtu anayetafuta sindano katika unga. Kisha akasema huo ndio utakaokwenda Didia, wote, bila kubakiza. Kanga haikutosha. Thobias akaleta kiroba.

Na hilo ndilo lililomaliza uvumilivu wa wachimbaji. Walikuwa wamekaa ili washuhudie mifupa. Hawakuona mfupa. Waliona mtu wa kompresa akichota udongo mweusi kwa mikono, kwa uangalifu ambao mchimbaji huutumia kwa kitu kimoja tu, na Generosa akishika mdomo wa kiroba usidondoshe hata chembe. Wakasimama wote, na mzingo wao ukasogea hadi kwenye mizizi.

Nasibu hakupandisha sauti. Alisema hakuna atakayemgusa mama wala udongo wake. Wanataka sampo tu, udongo kidogo wa kupima, karai moja, ioshwe mbele ya kila mtu. Isipokuwa na dhahabu wataondoka. Ikikataliwa, hawezi kuwajibia hawa watu, na usiku hapatabaki mti wala zizi. Thobias alijua kwamba anasema kweli. Alikuwa ameona shamba zima la mihogo likigeuzwa mashimo kwa sababu ya uvumi mdogo kuliko huu.

Thobias akajitolea kuosha yeye.

"Wewe ni wa kwao sasa," Nasibu alimwambia. "Naosha mimi."

Generosa aliuliza wataosha upi. Alionyesha udongo wa pembeni, ule wa kijivu, akasema wachukue huo hata makarai kumi. Mtu mmoja nyuma akaguna kwamba mwenye dhahabu husema hivyohivyo. Wengine wakaafiki. Thobias alimtazama mama huyo, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya mizizi alitamani angekuwa amekuja na jembe kama watu wengine, akachimba kelele zisisikike, akaondoka.

"Kwa hiyo mnamtaka yeye," Generosa alisema.

Baadhi wakatazama chini, lakini hawakurudi nyuma.

Akafungua kiroba. Akachota mwenyewe kwa mikono miwili, akajaza karai la Nasibu, kisha akatoa sharti lake: maji yasimwagike chini. Karai la pili likawekwa chini ya la kwanza, Thobias akalishika. Nasibu akamimina maji, akaanza kuzungusha. Mikono yake ilikuwa na ujuzi. Tope lilizunguka, likapanda ukingoni, likadondokea katika karai la chini. Mizizi myembamba ikaelea. Watu walikuwa wameinama juu yake mpaka wakamzibia mwanga, naye akawataka wasogee. Alizungusha, akamimina, akazungusha tena, mpaka zikabaki chembechembe tu za mchanga mweusi. Akazigeuzageuza juani. Akampa mwenzake karai azitazame, na mwenzake akampa mwingine.

Hakukuwa na kitu. Karai lilipofika kwa mtu wa mwisho, wa kwanza walikuwa wamekwisha kuanza kung'oa vijiti vyao shambani.

Karai lilipomrudia, Nasibu aliukusanya ule mchanga katika kiganja chake, akautazama kana kwamba hakujua auweke wapi. Akaurudisha katika karai la chini, akanawa mikono humohumo, asidondoshe. Akasema, "Pole, mama." Generosa akaitika kwamba amepoa, kama inavyoitikiwa msibani.

Thobias alitaka kulichukua karai amimine tope kirobani, lakini Generosa alimzuia.

"Yaache maji yatulie kwanza."

Wakangoja. Tope huwa halina haraka, na la zizini ni laini mno. Wachimbaji waliobaki hawakujua kama ni adabu kuondoka, wakasimama na sepetu zao begani. Kompresa ilikuwa imepoa. Thobias alikohoa, akaenda kuyalowesha magunia juu ya mizizi iliyofunuliwa, kwa sababu jua lilikuwa bado kali, akarudi. Maji ya juu yalianza kuwa ya kahawia, halafu ya chai, halafu mtu aliweza kuuona mkono wake chini yake.

Generosa akayamwaga hayo polepole juu ya mizizi ya mkuyu, akiizungukia, mpaka yakabaki matope matupu. Akayakomba kwa kidole na kuyarudisha kirobani pamoja na mizizi iliyoelea. Akafunga mdomo wa kiroba kwa ile kanga.

Udongo mkavu Thobias angeubeba peke yake. Ulioloa ni mzito, na alipouinua pumzi ilimkata, akaushusha tena. Nasibu akaweka karai lake chini, akashika upande wa pili, na wakautoa shimoni wawili, hatua kwa hatua, Generosa akiwa mbele akiwaonyesha mahali pa kukanyaga wasije wakavunja mzizi.