Malimbuko ya Jalala

Nyuma ya jiko yetu, hapa Uvira, kuko fasi kwenye tunamwangaka maganda ya mihogo na ya ndizi, bichwa bya ndagala, majivu ya mbabula, jiko yetu ya makala. Ni jalala yetu. Hakuna muntu anaangaliaka jalala. Unamwanga, unageuka, unaenda. Minye pia nilikuwa vile, paka ile asubui niliona majani mbili manene yanatoka katikati ya majivu. Moja ilikuwa bado inabeba ganda ya mbegu kwa kichwa, sawa kofia.

Niliinama. Nani alipanda? Hakuna. Mwaka ule hatukukula boga hata moja, juu batoto wanasema ni chakula ya bazee. Labda ni kuku, labda ni maji ya mvua. Sijui hata leo.

Mujirani yangu, mama mumoja wa Kirundi mwenye alizaliwa Nyakabere, alichungulia juu ya lupango, akacheka.

— Hiyo kwetu tunaita kimeza, mama. Yenye kujiotea. Weye lala tu, Mungu analima.

Nilipenda lile neno. Mangaribi, kwa masomo ya bamama, nililiandika kwa kaye, daftari yangu. Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu chini yake.

— Hii si Kiswahili, mama.

— Ni kweli, mwalimu, lakini iko kwetu nyuma ya jiko.

Darasa yote ikacheka, na yeye pia.

Kila asubui nilipima na mukono. Leo mukono moja. Kesho yake, mukono moja na bidole bine. Nilizaa batoto tano, hakuna hata mumoja nilimuona anakomaa hivi, machoni mwangu. Ile kamba ya boga ilikuwa na bidole bidogo bya kujikunja. Binashika mwanzi wa lupango, binazunguka mara tatu, mara ine, binakaza. Nani alifundisha mumea kufunga fundo? Nilikuwa nasimama pale na kikombe ya chai paka inapoa. Maua yake makubwa ya manjano yalifunguka asubui tu, na ndani nyuki ilikuwa inagaagaa katika ule unga, inatoka imekuwa ya manjano yote. Jalala ilikuwa ileile, na harufu yake ileile. Nilianza kupita pale polepole, sawa muntu anapita katikati ya benye kuomba.

Sasa, kwa kanisa yetu, siku ya mavuno, kila nyumba inaletaka malimbuko: kitu ya kwanza yenye shamba yako ilitoa, nzima, mbele ya kuionja. Bengine banatoka Runingu, bengine Katogota, na mifuko ya mupunga, na kuku. Sisi, tangu mutoni kulibomoka na shamba yetu ikaenda na maji, nilikuwa nanunua mukungu ya ndizi kwa soko, naibeba kwa kichwa na haya, sawa vile Mungu hajue njia ya soko.

— Mungu anaangalia roho, baba ya batoto aliniambia.

— Ni kweli, lakini na minye ninajiangalia.

Kwa hiyo, siku boga za kwanza zilifunga, nilisimama mbele ya jalala nikasema na sauti: "Bwana, hii ni yako." Nikisha sema, nimesema.

Zilikuwa tatu, kila moja sawa yai. Huku kwetu boga changa hauisonte kidole, itaoza. Unaonyesha na ngumi. Mbili zikaoza. Batoto walishitakiana wiki nzima.

— Ni weye ulisonta!

— Minye? Nilikuwa najikuna!

Ilibakia moja. Hiyo moja ikakomaa paka ikawa nzito sawa mutoto wa miezi sita, ngozi yake ya kijani yenye mistari myeupe. Siku mbili mbele ya mavuno, mujirani akakuja kuiona.

— Umeionja?

— Malimbuko haionjwake.

— Mama, boga ya jalala haijulikane baba yake. Kuko zenye kutoka tamu, kuko zenye kutoka chungu sawa dawa ya kinini. Mujomba yangu alikula moja, alishinda kwa choo siku mbili.

— We! Unataka kuniogopesha tu.

— Sikuogopeshe. Kule kanisani, nani atakula?

Ile chakula bamama ya jikoni banaipika siku ileile, kwa bajane na bazee. Bale bamama bazee hawakataake kitu ya kanisa. Hata ikuwe chungu, watameza, watasema aksanti.

Nikiipeleka nzima, sijui ninapeleka nini kwa tumbo ya bajane. Nikiikata, haiko tena malimbuko, na nitaingia tena mikono mitupu mbele ya Mungu nilimwahidi. Niliomba siku mbili. Hakuna sauti ilikuja. Siku ya Mungu, njo ile ya mavuno, asubui sana, nikakamata kisu. Nilisema: "Bwana, kama kuko haya, ikuwe yangu." Nikakata.

Ilipasuka yenyewe mbele ya kisu kufika mwisho. Ndani ilikuwa rangi ya moto wa makala. Mbegu zilijipanga mistari, kila moja imelala kwa fasi yake, na pale kisu ilipita matone madogo ya maji yakaanza kutoka, moja, ingine, ingine. Kutoka kwa majivu na bichwa bya samaki! Nikalamba. Hakuna uchungu. Nikatafuna kipande mbichi. Utamu ukakuja polepole. Nikakaa chini.

Juu haikuwa tena nzima, nikaikata bipande binene, na ngozi yake, maji kidogo, chumvi kidogo, nikafunika na majani ya mugomba, nikaipika kwa sufuria paka ikaiva. Nikafunga sufuria na kitenge, nikaibeba kwa kichwa. Joto ilishuka paka kwa shingo.

Kwa mulango ya kanisa, shemasi alikuwa anaandika malimbuko ya kila nyumba.

— Mama, hii ni nini?

— Boga.

— Boga iko wapi?

— Iko ndani. Imeiva.

— Malimbuko haikujake imepikwa!

Nyuma yangu mumoja akasema:

— Huyu mama anataka Mungu akule ingali moto.

Wakacheka. Nilisikia machozi karibu. Pasta akasogea.

— Pasta, iliota yenyewe kwa jalala. Niliogopa itaumiza bajane, njo nikaionja. Kama haifae, nitairudisha.

Akafunua. Mvuke ukapanda, harufu ikajaza mulango yote, na benye kucheka wakanyoosha shingo.

— Ulipanda weye?

— Hapana.

— Uliimwangilia maji?

— Hapana. Niliiangalia tu.

Pasta akakamata sufuria yeye mwenyewe, akapita mbele ya mifuko ya mupunga, akaenda kuiweka kwa benchi ya bajane, mbele ya wimbo wa kwanza. Mujane mwenye kuzeeka kupita bote akatoa kipande, akakipulizia, akakula paka ngozi ikabakia nyembamba sawa karatasi. Akaniita karibu.

— Mutoto yangu, iko ingine?

— Hapana, mama. Ilikuwa moja tu.

Akanishika mukono na bidole byake byenye kunata, na hakuniachilia paka ibada ikaisha.