Kichupa cha Hewa na Foleni ya Mafuta ya Taa

Nimechoka, lakini acheni niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mimi ni mtunza ghala la mazao hapa Babati. Dawa ya wadudu tunayopulizia magunia ilimkohoza sana Mama Paskali, anayetuchambulia maharage, hadi tukaletewa mtaalamu wa hewa kutoka Arusha. Akanibandika kwenye kola kichupa cha kioo chenye chengachenga za mkaa.

"Mkaa huu unanasa kila unachovuta," akasema. "Kaa nacho humu ghalani mpaka jioni."

Asubuhi hiyohiyo nikasikia mafuta ya taa yameingia kituoni. Nyumbani tulishazoea kula gizani. Nikabeba dumu, nikakimbia, kichupa kikiwa bado kwenye kola. Nikashinda kwenye foleni, nimebanwa katikati ya madumu yanayovuja. Jioni nikamrudishia mtaalamu kichupa chake, naye akanishukuru!

Juzi akaja na majibu. Meneja akatuita sote.

"Dawa sikuiona kabisa," mtaalamu akasema. "Ila hewa ya ghala hili imejaa mafuta ya taa."

Siku hizi watu wanakamatwa kwa kuficha bidhaa. Meneja akanigeukia. "Umeyaficha wapi, Baba Elia?"

Ama niwe mlanguzi, ama mtoro. Nikakiri kwamba nilikuwa kwenye foleni.

Mama Paskali akakohoa weee, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Baba Elia," akasema, "kumbe mafuta yalikuja, na mimi hukuniambia?"