Samli Kwenye Boneti

Mtu akiniuliza adui wa rangi ya gari ni nani, mdomo wangu unajibu wenyewe: vumbi. Halafu najishika, maana gari lililotaka kuniadhiri kuliko yote halikuharibiwa na vumbi hata chembe.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa nimerudi Ikungi kutoka Dodoma, ambako fundi mmoja Kalasinga alinifundisha kupiga rangi kwa matusi na makofi. Nilirudi na mashine ya upepo inayotumia petroli, bomba la kupulizia, na majivuno ya kutosha wilaya nzima. Mwenyekiti wa kijiji hakuipenda ile mashine. Wenzangu wote walikuwa shamba la pamoja, na mimi niko nyuma ya nyumba yangu naipaka rangi baiskeli ya mwalimu.

Siku moja akaniletea pikapu ya kijiji, imechubuka mpaka huruma.

"Fundi, ipige rangi hii. Ikitoka safi, ufundi wako utakuwa ndiyo kazi yako ya kijiji. Ikitoka na ukurutu, mashine inaingia stoo na wewe unashika jembe kama watu."

Jembe nalijua, nimekua nalo. Lakini ufundi ule ndio kitu pekee nilichokipata kwa akili yangu mwenyewe, na kila nikiiwaza mashine yangu imefungiwa stoo na panya, nilikuwa nainuka kwenda kuipangusa tena. Niliogopa, nasema kweli. Rangi yenyewe ilikuwa makopo mawili tu ya kijani, na huko madukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni.

Basi nikatangaza vita. Kuku wakafungiwa kwenye tenga siku mbili. Mbuzi wakahamia kwa jirani. Nikasimamisha miti kuzunguka gari na kuning'iniza magunia yaliyolowa maji. Kufagia uwanja nikakupiga marufuku kabisa. Kwetu mwanamke ambaye uwanja wake haujafagiwa kunapokucha anasemwa mpaka kisimani, kwa hiyo mke wangu alikuwa anapita pale akiangalia pembeni, asiyaone majani. Na ndiye aliyechota maji ya kulowesha ardhi, debe baada ya debe, kutoka kisima cha mbali.

"Watu hawana ya kunywa," alisema akitua debe la sita, "wewe unainywesha ardhi."

"Ardhi ikinywa, vumbi linalala."

"Na mimi nitalala lini?"

Nikageukia magunia yangu. Nilikuwa fundi.

Jioni ya kuamkia kazi, mama yangu akafika kutoka kijijini kwake. Hata shikamoo yangu hajaipokea vizuri, nikaanza kumhutubia: mama, usifagie, usikung'ute khanga, usipepete kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Marahaba, mwanangu. Sitafagia." Akaenda kulizunguka lile gari taratibu, mikono nyuma, akasema tu kwamba ni kubwa.

Gari nilikuwa nimeshalisugua kwa msasa na maji, nikaliosha, nikalifuta kwa kitambaa chenye petroli. Kalasinga alikuwa akisema gari lifutwe kwa petroli mara mbili, mara ya mwisho dakika chache kabla ya rangi. Mimi alfajiri ile nikaona petroli ni kidogo na upepo wa Singida ukishaamka hausikii la mtu. Nikalipangusa kwa kitambaa kikavu tu, fulana kuukuu iliyofuliwa mpaka imeacha kutoa nyuzi. Nikawasha mashine. Nikaanza na boneti, kwa sababu boneti ndiyo uso.

Rangi ilikaa vizuri kwa muda wa kupumua mara tatu. Kisha ikaanza kufumuka. Vitundu vidogo vya mviringo, kimoja hapa, kumi pale, hadi boneti nzima ikawa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mungu wangu! Nikazima mashine. Ule ugonjwa niliujua: ni mafuta. Rangi haikai juu ya mafuta, inayakimbia.

Mke wangu alikuwa ndiyo anaingia na debe kichwani.

"Umeshika gari na mikono ya jikoni!" nilimfokea. "Nimekwambia mara ngapi? Unataka nifungiwe mashine, ndiyo raha yako?" Nikaongeza mengine ambayo mpaka leo siyarudii. Majirani walisikia. Alilitua debe polepole bila kumwaga hata tone, akaingia ndani.

Aliyetoka ni mama. Akaninyooshea kiganja chake, kinang'aa samli.

"Ni mimi," alisema. "Jembe jipya nalipaka, mlango mpya naupaka, na wewe siku ya kwanza kwenda shule nilikupaka. Hili gari ndilo litakalokubakiza nyumbani. Nimelipaka kidogo tu, kwenye paji la uso."

Kidogo tu! Na mimi, kwa kitambaa changu kikavu, nikaitandaza ile samli ya baraka boneti nzima. Angekuwapo Kalasinga, kofi lingekuwa langu.

Nikaitoa ile rangi yote kabla haijashika, na hapo petroli ya kufutia ikaisha. Iliyobaki ilikuwa ndani ya mashine, na bila hiyo mashine haingewaka. Nikakaa chini kwenye tope nililolitengeneza mwenyewe.

"Hiyo samli inatolewa na nini?" mama akauliza.

"Petroli, mama. Imekwisha."

"Kwani vibuyu vyangu naviosha kwa petroli?"

Akaenda jikoni akarudi na majivu, akayachekecha, akayakoroga na maji ya moto, akaanza kuisugua boneti kama kibuyu cha maziwa. Nilipomwaga maji juu yake, hayakujikusanya matone matone. Yalitandaa yote sawasawa. Bati limetakata. Lakini majivu nayo ni vumbi, yalitaka kusuuzwa kwa maji mengi, na madebe yalikuwa matupu.

Nikaenda mlangoni. "Mama watoto, maji yamekwisha."

"Yapo kisimani," alijibu, hakugeuka.

Hasira hasara. Nikajitwika debe mwenyewe. Wanawake kisimani waliacha kuteka wakaniangalia, halafu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Safari ya kwanza maji yalinimwagikia mgongoni. Nilikwenda nane. Kufika ya tano shingo ilikuwa imekufa ganzi, nikamkumbuka mke wangu na madebe yake yote ya wiki ile, nikaona aibu kweli kweli.

Alfajiri iliyofuata nilipuliza upya. Rangi ilitulia kama maji kwenye mtungi, na kopo la pili likaishia kwenye mlango wa nyuma. Mama alisimama mbali, mikono ameificha kwenye khanga kana kwamba ameungua. Hilo liliniuma kuliko vile vitundu.

Nikangoja siku tatu rangi ikauke. Asubuhi ya kuja mwenyekiti nikamwambia, "Mama, sasa lipake." Hakuniamini, ikabidi mimi mwenyewe niichovye mikono yake kwenye samli. Juu ya rangi iliyokauka samli haina neno, inang'arisha tu.

Mwenyekiti alijiona masharubu kwenye boneti. Akalizunguka gari lote, akanusa vidole vyake, akashangaa. "Kesho shambani usije," akasema. "Lipo trekta linakuja kwako kupigwa rangi."

Tangu hapo hakuna gari lililotoka kwangu bila kiganja cha mama. Alipofariki, nilimaliza gari moja nikabaki nimesimama kando yake, sijui nifanye nini na mikono yangu. Mke wangu akatoka ndani, akapita mbele yangu, ameshika kibuyu cha samli.

"Limekauka?" akauliza.